Sahani Iliyozidi Daraja la Tatu

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Daktari wa Carrollton, huku Texas, aliyatazama kwenye picha, akaniuliza nimefanya kazi gani hadi yakawa hivi. Nikamwambia nimebeba sahani miaka kumi na mitatu. Akacheka, akidhani ninamtania. Basi nina miaka arobaini na miwili na tayari ni mstaafu. Nyinyi mnaoanza kubeba trei kule Irving na Mesquite, digrii zenu zikiwa zimelazwa chini ya masanduku kama yangu, mmenisumbua niwaandikie namna kazi hii inavyofanywa. Haya, nawaandikia. Lakini msiniamini haraka. Mimi sijawahi kuamini kitu kwa sababu tu kimesemwa na mtu aliyenitangulia, na sioni kwa nini mniheshimu kuliko nilivyowaheshimu wengine.

Tuanze na supu. Ukibeba bakuli la supu, usilitazame. Ukilitazama, mkono utataka kusahihisha kila wimbi, na kila unaposahihisha unazaa wimbi jingine. Tazama uendako, supu itakufuata. Kama meza inatikisika, nyunyizia kitambaa maji kidogo kabla ya kupanga vyombo, sahani hazitateleza. Ukimwagia mgeni kitu cha moto, usianze kumfuta. Omba radhi, mpe kitambaa ajifute mwenyewe, kisha ondoka umletee maji baridi. Mtu aliyeungua hataki kushikwashikwa.

Hilo la mwisho nililijifunza kwa kumfuta paja mchungaji mmoja wa Fort Worth mbele ya mkewe. Mengine nilifundishwa na Bwana Pinto.

Bwana Pinto alikuwa Mgoa wa Mombasa. Ujana wake wote alikuwa mhudumu wa mezani kwenye meli za abiria zilizokwenda Bombay na kurudi. Meli zile zilipokwisha, akahangaika huku na huku hadi binti yake, muuguzi, akamleta Texas aje kupumzika. Kupumzika kulimshinda, akaenda kuhudumu kwenye mkahawa nilioajiriwa baadaye. Nilipokutana naye alikuwa amepita miaka sitini, mgongo umenyooka, soksi zimepigwa pasi. Mimi nilifanya kosa la kumwambia siku ya kwanza kwamba nilisoma historia chuo kikuu Nairobi. Tangu hapo hakuniita Kioko tena.

"Profesa," aliniambia, "hiyo historia yako yasemaje juu ya kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja?"

"Haisemi kitu, Bwana Pinto."

"Basi itue chini kwanza, ushike sahani."

Sasa niwaeleze mahali penyewe, maana hapako tena. Tajiri mmoja wa Houston alikuwa amenunua, zamani sana, vyumba vya kulia vya meli kuukuu iliyokuwa ikivunjwavunjwa iuzwe vyuma. Sikusema alinunua picha. Alinunua vyumba: mbao za kuta, taa, meza, viti, mpaka lango la chuma. Meli hiyo ilikuwa imeleta wahamiaji kutoka Ulaya hadi bandari ya Galveston miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Tajiri alipokufa, warithi walikodisha vyumba vyake kwa kampuni ya chakula, nayo ikavipanga upya ndani ya ghala moja huko Irving, chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua. Ndege ikipita, maji yalitetemeka kwenye majagi na vijiko vikagongana. Wageni walishusha pumzi kwa furaha. Waliona kama wako baharini.

Tuliwalisha chakula cha mchana Jumamosi na Jumapili. Mgeni alichomoa bahasha mlangoni bila kuchagua, na ndani mlikuwa na kadi yenye daraja lake. Daraja la kwanza walikaa kwenye viti vya kuzunguka vilivyokazwa sakafuni kwa skurubu, chini ya dari ya vioo, wakala vyakula saba na kila chakula na uma wake. Daraja la pili walikula kama watu wa hotelini. Daraja la tatu waliingia kwa mlango wa pembeni, wakapita lango la chuma, wakaketi kwenye mabenchi marefu pande mbili za meza moja ndefu. Walipewa nyama ya kuchemsha, viazi na mkate, sahani moja tu, na kijiko. Nafasi za daraja la tatu zilikuwa thelathini na sita. Wageni wakishaketi nililifunga lango kwa ufunguo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa melini na kampuni ilitaka mambo yawe ya kweli.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu matabaka. Sikujifunza humo nilichojifunza kwa kutazama mlango ule. Mpeni mtu kadi ya daraja la kwanza aliyoipata kwa bahati nasibu, na kabla ya samaki kufika mezani ameacha kusema ahsante. Mpeni jirani yake kadi ya daraja la tatu, na baada ya dakika kumi atanong'ona akiomba chumvi. Kundi la wauguzi Wakenya lilikuja siku moja kusherehekea mwenzao. Wanne wakaangukia daraja la kwanza na yule wa sherehe akaangukia la tatu. Walimpungia mikono kupitia lango.

"Pole, dada! Huko wanaruhusu watu kuoga?"

"Ngojeni," akajibu, "meli ikizama nyinyi ndio mna viti vilivyokazwa."

Nilicheka hadi nikampelekea kipande cha keki kilichobaki daraja la kwanza. Meneja wetu akaniita pembeni. Aliitwa Karla, mwenyeji wa Texas, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti, mwenye haki kuliko mabosi wengi niliowahi kuwa nao, lakini alipenda kila kitu kilingane. Akaniambia kwamba nikivusha tena chakula kutoka daraja hadi daraja, nitavuka mimi mwenyewe hadi maegeshoni. Nikamuuliza kwa nini. Alifikiri kweli, kisha akasema, "Kwa sababu hapo itakuwa ni chakula tu." Sijapata jibu la kumshinda.

Miaka miwili baadaye alinifanya mkuu wa kumbi zote tatu. Na mwaka huohuo akaja Mama Sifa.

Mama Sifa alikuwa Mkongomani wa upande wa Uvira, mkimbizi, amefika Dallas na watoto wawili. Wa tatu, Sifa mwenyewe, msichana wa miaka kumi na minne, alibaki kambini Tanzania kwa shangazi kwa sababu siku ya kuandikishwa hakuwapo. Mama Sifa alikuwa akishughulikia faili la kumleta. Alipangiwa daraja la tatu peke yake, akaliendesha vizuri kuliko mtu yeyote kabla yake. Mikono myepesi, hasahau, havunji. Aliniita "Chef", yaani mkuu kwa Kifaransa cha kwao, ingawa nilikuwa mdogo kwake.

Wiki yake ya pili, jikoni walianza kulalamika. Walikuwa wakipakua sahani thelathini na sita za daraja la tatu, na kila mara Mama Sifa alirudi kuomba moja zaidi. Nilikwenda kutazama. Nikamwona akipanga. Alianzia mwisho wa meza, upande wa nguzo ya chuma, mahali ambapo hapakuwa na mgeni, akaweka sahani, kijiko na mkate. Kisha akaendelea na wageni, na sahani zikaisha kabla ya mgeni wa mwisho, akarudi jikoni.

"Mama Sifa, ile pale ni ya nani?"

"Ya mugeni, Chef."

"Mgeni yupi? Pale hapana mtu."

"Ndiyo, Chef," akasema kwa adabu, akaenda zake.

Nilisimama langoni nikitazama. Ndege ikapita, watu wakacheka, nikamhudumia mtu maji, nikageuka. Sahani ya kwenye nguzo ilikuwa tupu, imepanguswa kwa mkate mpaka inang'aa.

Nyinyi mngefikiri nini? Nami nilifikiri hivyohivyo. Jirani mwenye njaa, mkono mrefu. Juma lililofuata niliacha nafasi tupu baina ya nguzo na mgeni wa karibu, mkono usifike. Sahani ikaliwa. Nikafikiri ni Mama Sifa mwenyewe, nikamtuma kwenye ghala la vitambaa wakati wote wa chakula. Ikaliwa. Nikapekua mfuko wake wakati wa kuondoka, jambo ninaloliona haya mpaka leo. Mlikuwa na Biblia, kanga na tiketi ya basi.

Ndipo nikaanza kuwauliza wageni. Hii ni nidhamu ya historia: ukikosa hati, tafuta mashahidi. Nilimshika mwanamume mmoja akitoka, aliyekuwa ameketi upande wa nguzo.

"Samahani, pembeni yako alikaa mtu?"

"Ndiyo. Mkimya sana. Alinipitishia mkate."

"Alikuwa anafananaje?"

"Sikumtazama vizuri. Nilidhani yuko na wale wa upande wa pili."

Nikawauliza wale wa upande wa pili, mume na mke wa Mesquite. Mke akasema, "Yule? Si alikuja na yule bwana?"

Niliwauliza watu wa majuma matatu. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mtu yule alikuja na mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeweza kunitajia rangi ya shati.

Nilimpelekea Bwana Pinto habari hizi akiwa anasugua uma za fedha kwa kitambaa. Nilitarajia acheke.

"Kwenye meli yetu," akasema bila kuinua macho, "msafiri wa chini akifa safarini, karani hakumfuta kwenye orodha ya chakula mpaka nanga ishuke. Zilikuwa taratibu za hesabu tu, si uchawi. Basi jikoni walimpakulia kila siku, nasi tukaiweka. Siku saba, siku nane. Nanga ikishuka, jina lafutwa, sahani yaondoka."

"Na chakula alikula nani?"

"Profesa wee. Nimekwambia taratibu, waniuliza nani alikula." Akaweka uma chini. "Hebu nikuulize na mimi. Meli hii ilivunjwa wapi?"

"Sijui. Vitabu vya tajiri havisemi."

"Ilishusha nanga kabla ya kuvunjwa?"

Nilimwambia huo si utafiti. Akasema kweli, si utafiti, akachukua uma mwingine.

Karla hakuwa na haja ya utafiti. Alikuwa na daftari la jikoni, na daftari lilionyesha sahani thelathini na saba kila siku tangu Mama Sifa aanze kazi, kamwe si kabla. Alhamisi moja akaniita ofisini. Juu ya meza yake palikuwa na barua. Nilijua ni ya nini, maana Mama Sifa alikuwa ameiomba mwezi mzima: barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba yuko kazini, mwanasheria aliyetafutiwa na kanisa aifunge kwenye faili la Sifa. Pasipo barua hiyo faili lisingekwenda mbele.

"Nimeshaiandika," Karla akasema. "Siwezi kuitia sahihi kwa mtu anayetoa chakula nje. Wala siwezi kumfukuza mtu kwa kudhani. Wewe ni mkuu wa ukumbi. Jumatatu nataka karatasi: sahani ya thelathini na saba inaliwa na nani. Andika ulichoona, tia sahihi. Kama ni yeye, ataondoka Jumatatu hiyohiyo."

"Na kama si yeye?"

"Basi kuna mtu. Niandikie ni nani."

Mnaweza kucheka, lakini nilitoka pale nikiwa na furaha. Nilikuwa nimepewa swali lenye jibu. Nilijiambia kwamba Jumamosi nitalimaliza.

Jumamosi wageni walipoketi nililifunga lango, ufunguo nikautia mfukoni. Mlango wa pembeni niliuegemezea meza. Nikaingia kati ya mabenchi, nikainua kidole ili nihesabu. Mama Sifa akanishika mkono, yeye ambaye hakuwahi hata kunigusa bega.

"Chef, usihesabu batu. Bintu unaweza. Sahani, bijiko. Batu, apana."

"Kwa nini?"

"Ukihesabu batu, unajulisha ni wangapi."

"Ndiyo maana ya kuhesabu, Mama Sifa."

"Unajulisha nani?" akauliza.

Hata kwetu Ukambani nyanya yangu hakukubali wajukuu wahesabiwe kwa kidole, na nilikuwa nimekwisha kumcheka yeye, kwa hiyo nikamcheka na huyu. Nikahesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la pili. Nikafika thelathini na saba. Nikarudia nikianzia nguzoni kuja langoni. Thelathini na saba. Basi kuna mjanja ameingia bila kadi, nikasema moyoni, nimemkamata. Nikawaomba wote wainue kadi zao juu. Wakainua. Nikahesabu mikono yenye kadi: thelathini na sita. Nikahesabu vichwa: thelathini na saba. Nikatembea polepole, uso kwa uso, nikitafuta kichwa kisicho na mkono ulioinuka. Kila uso nilioutazama ulikuwa na mkono wake, na kila mkono na kadi yake. Nikarudi langoni, nikahesabu vichwa tena. Thelathini na saba.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Shati lilinilowa mgongoni, na kiyoyozi cha ghala lile kilikuwa kikali kiasi cha wageni kuvaa sweta mwezi wa Agosti. Nilifungua lango nikatoka. Nilipoangalia nyuma, Mama Sifa alikuwa akipanga sahani, akianzia nguzoni, kwa mikono yake ileile myepesi.

Chakula kilipokwisha nilimkuta akikung'uta makombo. Nikamwambia ukweli: kuna karatasi, kuna Jumatatu, na barua yake iko mezani inangoja sahihi. Alikaa kwenye benchi.

"Miye njo nilimwita," akasema. "Siku ya kwanza. Nilikuwa nakula mukate hapa, peke yangu, mbele ya batu kufika. Nikasikia mutu anaingia nyuma yangu. Sikugeuka. Nikasema, 'Karibu, tukule.' Njo vile kwetu, mudomo inasema yenyewe. Kisha nikageuka."

"Ulimwona?"

"Hapana. Lakini nilikuwa nimeshasema."

Ninaomba mtulie hapo kidogo, maana nilitulia mimi. Nani kati yetu hajasema vile? Mtu akipita unakula, unasema karibu, hata kama chakula ni cha mmoja, hata kama unaomba kimoyomoyo akatae. Naye hujibu ahsante, nimeshiba, akaendelea. Makosa ya Mama Sifa yalikuwa hayo tu. Alikaribisha bila kutazama, na yule hakusema nimeshiba.

"Basi mwambie aende," nikasema.

Alinitazama kama aliyeniona nikitema mate mezani. "Umwambie mugeni aende? Wewe, na masomo yote hayo? Mama yako alikulea wapi?"

"Mama Sifa, ni Sifa au ni huyu."

"Najua," akasema. "Tulipovuka ziwa, mama moja wa Kigoma alitukuta ku njia. Hakuuliza jina, hakuuliza tuko wangapi. Alisema karibuni, akatuwekea maji ya kunawa. Kama angehesabu, Chef, Sifa hangekuwa. Andika yenye unataka. Miye siwezi kumufukuza."

Jumapili usiku sikulala vizuri, na si kwa woga wa mizimu. Nilikuwa na kalamu na karatasi na hakuna neno la kweli nililoweza kuandika. Nikiandika nilichoona, Karla atasema sote wawili tumechanganyikiwa, na barua itachanwa. Nikiandika kwamba sijui, daftari la jikoni litamhukumu Mama Sifa. Nilikuwa mtu aliyejivunia kuuliza maswali, na hapa nilidaiwa jibu moja tu, la mstari mmoja.

Jumatatu nilimpa Karla karatasi. Niliandika: Sahani ya thelathini na saba nimekuwa nikiila mimi. Nilimwamuru Mama Sifa aiweke, naye alitii kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Nikatia sahihi.

Karla aliisoma mara mbili. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Ulikuwa ukila saa ngapi? Nimekuona langoni."

"Ninakula haraka."

Akavuta ile barua ya Mama Sifa, lakini kalamu haikugusa karatasi. "Wewe si mkuu wa ukumbi tena, hilo tulimalize. Pinto atashika. Lakini sipendi karatasi hii, Kioko. Inalingana, na bado siipendi. Jumamosi utakaa pale unapokaa, ule sahani yako mbele yangu. Sahani thelathini na saba, watu thelathini na saba, nione kwa macho. Zikilingana nitatia sahihi. Zikizidi, nitajua unamficha."

Bwana Pinto aliposikia alinikaza mkono. "Profesa, umekula chumvi nyingi kwa siku moja," akasema. Hakunitania tena wiki nzima, nami nilitamani anitanie.

Jumamosi wageni thelathini na sita waliingia. Mimi nikaingia wa mwisho, kwa mlango wa pembeni, nikaketi mwisho wa benchi, kwenye nguzo. Bwana Pinto akafunga lango. Karla akasimama nje yake, mikono ameikunja, daftari la jikoni kwapani. Mama Sifa alikuja na trei. Alikuwa amekatazwa kurudi jikoni. Akasimama mbele yangu na sahani moja mkononi, na nikaona kwamba hajui aiweke wapi, kwangu au pembeni yangu.

Hapo benchi likashuka kidogo upande wa kushoto. Niliwahi kupanda magari ya watu wengi maishani mwangu na ninajua mtu anavyosogea ili akupishe nafasi. Nyonga zangu zilisogezwa na ubao, kiasi cha vidole vitatu. Upande ule hapakuwa na mtu. Mgeni wa karibu alikuwa mbali, akicheka na mkewe.

Nilifikiri haraka. Sahani ni moja. Nikiila yote, aliyekaribishwa atakaa na njaa mbele ya aliyemkaribisha. Mama Sifa atakwenda kuomba nyingine, nilimwona usoni, hata Karla akiwa amesimama pale. Na hapo barua imekwisha, na Sifa amebaki kambini.

"Weka katikati," nikamwambia Mama Sifa kwa Kiswahili.

Akaweka katikati, nusu mbele yangu na nusu mbele ya benchi tupu, kama mama awekavyo kwa watoto wawili. Kisha akaenda kuwahudumia wengine. Sahani zikamtosha hadi mgeni wa mwisho.

Nikala upande wangu. Sijawahi kula kwa adabu kama siku ile: sikuvuka katikati, sikuchagua nyama, sikunyanyua macho. Chakula kilikuwa kibaya, viazi vya maji na nyama isiyo na chumvi, na nilijiuliza kama hivi ndivyo walivyolishwa siku zote zile, katikati ya bahari, huku juu yao wengine wakila vyakula saba. Ndege ikapita. Kijiko changu kilikuwa mkononi mwangu, na bado nikasikia kijiko kikigusa sahani.

Karla alifungua daftari, akahesabu sahani kwa macho, akahesabu watu vivyo hivyo, bila kidole wala sauti: thelathini na saba kwa thelathini na saba. Kisha akaja langoni karibu nami, akaweka barua juu ya daftari, akaitia sahihi akiwa amesimama, akampa Bwana Pinto ampitishie Mama Sifa kati ya vyuma.

"Kumbe kweli unakula haraka," akaniambia.

Nikatazama sahani. Ilikuwa tupu pande zote mbili. Mimi nilikuwa nimekula vijiko vitano.